Mara Saba kwa Mate ya Bosi

Kama kuna jambo ambalo Rehana hakuwahi kulifikiria maishani mwake, ni kulala hemani katikati ya mbwa wa watu. Yeye, binti wa Kiislamu wa Majengo, Machakos, mjukuu wa Mkamba aliyesilimu zamani na kuadhini msikitini mpaka sauti ikamwisha, aliyelelewa akijua kwamba mbwa akikugusa kwa pua yake mbichi umeshapata kazi: hapo mahali utapaosha mara saba, na mara moja katika hizo iwe kwa udongo, ndipo uende kuswali. Na bado, Jumamosi moja ya Agosti mwaka 2002, alijikuta nyuma ya pikapu ya kukodi, amekumbatia sufuria ya pilau, akielekea Ndithini kwenye maonyesho ya klabu ya wafugaji wa shepadi, wale mbwa wakubwa wa Kijerumani wenye masikio ya kusimama. Mumewe Omar alikaa mbele na dereva. Binti yao Nuha, mwenye miaka tisa, alikuwa nyuma, ubavuni pa mama yake. Na miguuni pa Nuha alilala mbwa wao, Bosi, ulimi nje, kana kwamba safari yote ile ni yake.

Na kweli ilikuwa yake. Miaka miwili nyuma Bosi alikuja mwenyewe uani kwa hoteli yao karibu na soko, mbavu zinahesabika, mguu umechanika, akalala penye maji ya kuoshea vyombo. Omar, ambaye hana moyo wa kufukuza hata nzi kwenye sukari, akamtupia mfupa. Rehana akamkumbusha kwamba nyumba yenye mbwa malaika hawaingii. Omar akasema uani si nyumbani. Wakabishana hivyo wiki nzima, na kila siku mfupa ulikuwa na nyama zaidi.

Wakati huo Nuha alikuwa mtoto wa kufungiwa ndani. Kifafa kilimwanza mapema, na dawa za hospitali zilikipunguza bila kukiondoa. Lakini kilichomuuma Rehana kuliko ugonjwa wenyewe ni watu. Nuha alipoanguka na povu likamtoka, watu walikimbia. Walikimbia! Watu wazima na akili zao, wakiamini kwamba ukiguswa na lile povu nawe utaanguka. Mara moja alianguka sokoni, na Rehana alipofika alikuta wamemzunguka kwa mbali kama wanaotazama nyoka, hakuna hata mmoja aliyemwekea kitambaa chini ya kichwa. Tangu hapo hakumruhusu kutoka, na ilipobidi watoke, aliufunga mkono wa mtoto kwenye mkono wake kwa leso.

Bosi hakuwa ameambiwa habari za povu. Alasiri moja Nuha alianguka nyuma ya tangi la maji, Rehana akiwa jikoni kwenye makelele ya sufuria. Mbwa akabweka, akaja mpaka mlangoni ambako hakuwahi kuthubutu kukanyaga, akauma upindo wa dera la Rehana, akamvuta. Walipofika, Bosi alijilaza kando ya mtoto na kumlamba mpaka shavu likawa safi. Rehana alimshukuru Mungu kwa sauti, akaenda kuchota maji na udongo, maana dera limeumwa na mtoto amelambwa.

Ndivyo maisha yao yalivyoendelea. Bosi alijifunza kukinusa kifafa kabla hakijafika. Alianza kumzunguka Nuha na kulia puani, naye Nuha akalala kwenye mkeka mwenyewe, akangoja kimpitie. Mtoto akatoka nje. Akaenda madrasa, akaruka kamba na wenzake, Bosi akimngoja langoni kama askari wa benki. Na kila Bosi alipomlamba, Rehana aliosha. Yeye mwenyewe hakuwahi kumgusa. Chakula alikiweka kwa mkono uliovikwa mfuko wa plastiki, akarudi nyuma, akasema, "Kula, mwanaume." Mbwa naye, mwenye adabu zake, alingoja mpaka asikie neno hilo.

Sasa tatizo ni Omar na uaminifu wake. Alishatangaza sokoni na kwa wenye magari kwamba ameokota mbwa, mwenye mbwa hakutokea, na Rehana akadhani yameisha. Kumbe daktari wa mifugo aliyemtibu mguu, Musili, alimwambia kwamba mbwa mwenye kifua kile hakuzaliwa jalalani. "Huyu yuko na mwenyewe mahali," alisema. "Watu wa shepadi wanakutana Agosti, huko Ndithini. Mpeleke, uulize."

"Na kama mwenyewe yuko?" Rehana alimuuliza Omar siku hiyo.

"Atakuwa yuko."

"Na Nuha?"

"Kuokota si kuiba, Rehana," Omar alisema. "Kuficha ndiko kuiba. Siwezi kumwomba Mungu amponye mtoto huku nimekalia mali ya mtu."

Rehana alikasirika, na hasira yake ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu Omar alisema kweli. Ndiyo maana alipanda nyuma ya pikapu ile na sufuria yake, na njia nzima alikuwa akiomba dua moja tu: mwenye mbwa awe amehamia mbali, Marekani au popote, mradi asiwe Ndithini.

Klabu ile ilikuwa na desturi yake. Mbwa hashindanishwi Jumapili kama hakulala kambini Jumamosi, kwa sababu wanasema umbo la mbwa utaliona kwa dakika mbili, lakini tabia yake utaijua akilala karibu na wenzake. Kwa hiyo uwanja wa ranchi, mkavu na wa rangi ya mkate, ulijaa mahema, viti vya kukunja, na mbwa waliofungwa mmoja mmoja kwenye vigingi. Maji yaliletwa na lori, na mwenyekiti wa klabu alitangaza kwa kipaza sauti kwamba kila mtu achote kwa huruma, hapa ni Ukambani. Rehana alikuja na mitungi yake kutoka nyumbani. Anajijua.

Haikuwabidi kuuliza. Bado Omar alikuwa anapigana na nguzo za hema, na kijana mmoja wa Nairobi anamwambia, "Mzae, umeishika upside down," Bosi aliposimama ghafla na masikio juu. Kisha akaruka. Mnyororo ulimtoka Nuha mkononi, na mbwa akakata uwanja mbio mpaka kwenye pikapu nyeupe ambako mzee mmoja alikuwa ameketi akimenya chungwa. Chungwa lilianguka huku, kisu kule. Bosi alimwekea miguu mabegani na kulia, kulia hasa, kama mtoto aliyefuatwa na mzazi wake shule ya bweni.

"Kavaluku!" mzee alipiga kelele. "Kavaluku, ni wewe?"

Rehana, aliyekifahamu Kikamba tangu tumboni, alijua kavaluku ni sungura. Alijua pia kwamba hakuna mtu anayelia namna ile kwa mbwa asiyekuwa wake. Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya mtungi wa maji.

Mzee aliitwa Aloys Mbithi, mkulima wa maembe wa Matuu na mwanachama wa zamani wa klabu, mwanaume mrefu mwenye goti bovu na rozari shingoni. Alimshika Omar mkono na hakuuachia.

"Huyu ni mtoto wa mke wangu, Wayua," alisema. "Alimlea na chupa. Masikio yalikuwa makubwa kushinda kichwa, ndio akamuita Kavaluku. Wayua alipokufa huko hospitali ya Machakos, tulienda kuchukua mwili, na hii mbwa ikaruka kwa gari, ikakataa kushuka. Sasa pale mochari watu wanalia, nani ataangalia mbwa? Nilitoka Matuu na mbwa nikarudi na jeneza. Nilikumbuka tukiwa karibu kufika nyumbani." Alijipangusa macho kwa kiganja. "Nilituma watu. Walisema mbwa ya town haimalizi mwezi."

Omar alimpa pole, akamweleza kuhusu hoteli, mguu uliochanika na daktari Musili. Alipotaka kuendelea, Rehana alimkata jicho. Usithubutu. Hakutaka ugonjwa wa mwanawe utangazwe katikati ya kambi ya wageni. Alijua jinsi viti vinavyosogezwa mbali na mtoto. Na hakutaka mbwa aombwe kwa machozi ya mtoto, kama anayeomba sadaka.

Omar akayaacha hayo. "Mzee, haki ni yako," alisema. "Ila tumemzoea. Tulikuwa tunaomba tuzungumze."

"Tutaongea tukikula," Mzee Aloys alisema, na akacheka mara ya kwanza. "Mimi na hili goti nitamtaka wa nini? Kama anakaa vizuri kwenu, basi nitakuwa nakuja kumsalimia. Mtu akilea mtoto wako, huwezi kumnyang'anya bila kumshukuru."

Rehana alisikia moyo ukirudi mahali pake. Alipakua pilau kwa mkono mkunjufu, akamwekea mzee mnofu mkubwa kuliko wa mumewe.

Haikufika nusu ya sahani. Bosi, kwa furaha ya kuwa na watu wake wote mahali pamoja, alimrukia Nuha na kumlamba shavu, shingo na mkono wa nguo. Rehana aliruka. Si kwa kufikiri. Mwili wenyewe ulishazoea. Alimvuta mtoto kando, akafungua mtungi, akachota udongo, akaanza kumwosha. Maji yale ya thamani yakamwagika kwenye vumbi, moja, mbili, tatu, mpaka saba. Kisha akavaa mfuko wa plastiki mkononi, akachukua bakuli la Bosi kwa ncha ya vidole, akaenda nalo mbali, akalisugua kwa udongo pia. Bosi alimfuata akitikisa mkia, naye akarudi nyuma, dera ameliinua juu ya vifundo, akamwambia, "Kaa huko, kaa huko."

Aliporudi, Mzee Aloys alikuwa ameweka sahani chini. Uso wake ulikuwa umefungwa.

"Hivyo ndivyo mnakaa na yeye?" aliuliza.

"Mzee, ni dini yetu," Omar alisema. "Mate ya mbwa kwetu ni najisi. Hatumchukii, ila..."

"Dini yenu naiheshimu. Mimi niko na yangu." Sauti ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo iliyomtisha Rehana. "Lakini nimeona kwa macho. Mama hapa akiguswa na hii mbwa anaruka kama ameguswa na moto. Anamwaga maji ambayo mimi huko shambani ningenyunyizia miche. Wayua alikuwa anakula na hii mbwa karibu sahani moja. Sitamwacha kwa watu wanamuona uchafu. Kesho nitamkimbiza kwa maonyesho mara moja, kwa ajili ya Wayua, halafu nitaenda na yeye Matuu. Asanteni kwa kumlisha."

Akasimama kwa shida, akachukua mnyororo. Bosi akamfuata, akageuka kumtazama Nuha, akafuata tena. Nuha hakulia. Aliuliza tu, "Mama, umemkosea nini?" Jioni hiyo, kabla ya kulala, alifungua leso kichwani na kuufunga mkono wa mtoto kwenye mkono wake, kama zamani.

Asubuhi Rehana alitaka waondoke. Omar akasema gari la kukodi litakuja mchana, na hata hivyo si adabu. Basi wakasimama pembeni ya uwanja uliozungushiwa kamba, wakatazama mbwa wa watu wakikimbizwa mduara. Mwamuzi alikuwa Bi Ndunge, daktari wa mifugo kutoka Kitui, mwanamke mfupi mwenye kofia ya ukindu na sauti ya gwaride. Kila mbwa alikimbizwa, akasimamishwa, akakaguliwa miguu, mgongo na meno.

Zamu ya Mzee Aloys ilipofika, alikimbia hatua chache goti likakataa. Akasimama ameshika paja, meno yameumana. Kijana mmoja wa klabu akaupokea mnyororo. Bosi akaketi chini. Kijana akavuta, Bosi akalala. Watu wakaanza kucheka. Omar, mwenye kitambi cha heshima cha mwenye hoteli, akajitolea. Alikimbia vizuri sana mpaka alipogundua kwamba anakimbia peke yake na mnyororo umemtoka mkononi. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Hakuna mtu huyu mbwa anasikia?" Bi Ndunge aliuliza. "Kama hakuna, nitamtoa."

"Mama yangu," Nuha alisema, kwa sauti ya juu kuliko Rehana angependa. "Anamsikia mama."

Macho yote yakamgeukia. Mzee Aloys naye alimtazama, na uso wake ulisema haamini. Rehana angeweza kukataa, na nani angemlaumu? Huyu mzee anamchukulia mbwa, kisha amkimbizie maonyesho! Lakini alimwona Bosi pale katikati, amelaza masikio, anachekwa na watu, yule yule aliyelala kando ya Nuha wakati watu wanakimbia. Hakuweza kumwacha achekwe. Alivua ndara, akapita chini ya kamba.

"Twende, mwanaume," alisema.

Bosi aliinuka mara moja. Wakakimbia, mama wa Majengo pekupeku, buibui limekunjwa mkono mmoja, mnyororo mkono wa pili, na mbwa amejinyoosha kando yake kwa mwendo laini kama maji ya mfereji. Kicheko kilikatika. Walipozunguka mara ya pili watu walikuwa wanapiga makofi, na Rehana, Mungu amsamehe, alijisikia vizuri.

"Simama hapo," Bi Ndunge alisema. Alikagua miguu, akapapasa mgongo. "Sasa nionyeshe meno."

"Mimi?"

"Mwenye kumshika ndiye hufungua. Mimi nikitia mkono kila mdomo nitaambukiza mbwa wote magonjwa."

Mzee Aloys alisikia. Tangu jana alijua maana ya mate ya mbwa kwa mama huyu, na pengine moyo wake haukuwa mgumu kama alivyotaka uwe, maana alianza kuchechemea kuja. "Ngoja, ngoja, nitafungua mimi!"

Lakini Rehana alikuwa amekwisha kupiga magoti. Hakuwa na mfuko wa plastiki. Aliweka mkono mtupu juu ya pua ya Bosi, na mwingine chini ya taya, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, akashangaa jinsi manyoya ya pale yalivyo laini. Akafungua. Mate yakamtiririka vidoleni mpaka kwenye kifundo cha mkono. Bosi hakujitikisa. Alimtazama tu, mdomo wazi, mpaka mwamuzi alipotosheka.

"Meno ni mazuri kwa umri wake," Bi Ndunge alisema. "Asante, mama."

Rehana alitoka uwanjani ameinua mikono mbele yake kama daktari anayetoka kupasua. "Omar, maji. Na udongo." Mguno ukapita kati ya watu. Mwanamke mmoja mwenye miwani alisema kwa sauti kwamba kama wanamchukia mbwa, walimleta wa nini. Omar akamimina, Rehana akasugua. Mzee Aloys alifika, akasimama akitazama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Safari hii hakutazama kwa hasira. Alitazama kama mkulima anayetazama kazi ya mkulima mwenzake.

"Hii," aliuliza polepole, "mnafanya kila akigusa mtu?"

"Akilamba," Rehana alisema bila kuinua kichwa.

"Kila siku?"

"Kila siku. Anamlamba mtoto, naosha mtoto na nguo. Akikula, naosha bakuli. Siku ingine mara tatu, mara nne."

"Na shida ya maji ya Machakos?"

"Tunanunua kwa mkokoteni."

Mzee akauliza swali ambalo yeye mwenyewe aliona ni la ajabu. "Si ungemfungia tu? Ama umwambie mtoto asimkaribie?"

Hapo Rehana aliinua uso. Alikuwa amechoka kuficha, na watu walikuwa wengi, na viti vingi vya kusogezwa. Hakujali tena.

"Mzee, mtoto wangu yuko na kifafa," alisema, kwa sauti ambayo hata mwenye miwani aliisikia. "Akianguka, povu linamtoka kwa mdomo, na watu wanakimbia. Nimeona mpaka jirani amekimbia. Huyu mbwa hakukimbia. Alilala na yeye chini akamlamba hilo povu. Sasa yeye hakuogopa mate ya mtoto wangu, mimi nichoke kuosha yake? Nitaosha mpaka nizeeke. Wewe uliona namuona uchafu. Sikukukatalia, ni mbwa wako. Lakini nataka ujue unaenda na nani."

Nuha alikuwa amepita chini ya kamba na kukaa vumbini, mkono shingoni mwa Bosi, na hakuna mtu aliyesogea nyuma. Mwanamke mwenye miwani alivua miwani.

Mzee Aloys aliuchukua mtungi kutoka kwa Omar. Hakuuliza ruhusa. "Tulikuwa tumefika ngapi?"

"Nne," Omar alisema.

Mzee akainama, goti likilalamika, akamimina ya tano. "Mimi hii mbwa sijawahi kuiosha hata sahani," alisema. "Wayua ndiye alikuwa anaosha. Mimi nilikuwa napita tu." Akamimina ya sita. Ya saba aliimimina polepole kuliko zote, na Rehana akaacha mikono pale mpaka tone la mwisho.

Kipaza sauti kilikohoa. Bi Ndunge alisema kwamba shepadi huyu ni mzee, hawezi kupewa nafasi ya kwanza wala ya pili, ila kwa tabia hajaona mwingine tangu asubuhi, na klabu inampa utepe wa tabia njema. "Tunaomba jina la mbwa na la mwenyewe."

Rehana alimtazama mzee. Alishajiandaa, mali ya mtu ni mali ya mtu. Mzee Aloys alijinyoosha, akapaza sauti bila kuhitaji kipaza.

"Mbwa anaitwa Bosi," alisema. "Mwenyewe ni Nuha binti Omar, wa Machakos mjini."

Nuha alipiga ukelele, Bosi akabweka, na Omar akageuka upande wa mahema akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Rehana alitaka kusema. Aliyatafuta maneno ya Kiswahili hayakuja, ya Kiarabu aliyofundishwa hayakuja. Yaliyokuja ni ya nyumbani kwa bibi yake, aliyoyasikia kabla hajajua kusoma.

"Muvea, asa," alisema. "Muvea muno." Asante, baba, asante sana. Akayarudia huku analia waziwazi, mikono safi ikimdondoka maji.

"Usinishukuru," Mzee Aloys alisema. "Tulipomzika Wayua, kitu niliogopa kushinda kaburi ni kwamba mbwa yake inakufa na kiu mahali kwa sababu yangu. Kila siku nimekuwa nikimwambia Mungu, mtafutie mtu mmoja tu. Mtu mmoja wa kumwekea maji. Na jana nimekula pilau ya huyo mtu, nikamtukana."

Alitazama mtungi aliokuwa ameushika, akautikisa. Ulikuwa mtupu. Akaufunga kifuniko, akauweka begani kama mkulima wa Matuu anavyoubeba, na akaondoka akichechemea kuelekea kwenye lori la maji kumjazia Rehana maji mengine.